Jumamosi Niliyokuwa Mwana wa Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa amekaa kitandani kwangu hapa Same, mguu ameuweka juu ya mto, aliponiambia kwamba Dar es Salaam haendi hata waje kumvuta kwa winchi. "Narudi kwangu mlimani, Mhezi," alisema. "Nimeolewa kule, nimezaa kule, mume wangu nimemzika kule. Huko mjini nikafanye nini, nikahesabu magari?" Nikamwambia niko upande wake. Na mimi nikishasema niko upande wa mtu, nimesema.

Mambo yalikuwa hivi. Wakati wa mvua za vuli aliteleza kwenye njia ya kushukia shambani, akavunjika nyonga. Majirani walimbeba kwa machela mpaka barabarani, hospitali wakamfanyia upasuaji, kisha akaja kukaa kwangu ili awe karibu na kliniki. Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, fundi wa majokofu huko Dar es Salaam, na huyo mtoto alikuwa ameshaamua. Angekuja mwisho wa mwezi na gari, tungekaa kikao cha familia kwa ajili ya heshima tu, halafu angempakia mama yake na kuondoka. Neno "kumpakia" ni lake mwenyewe. Mama yake alilisikia kwenye spika ya simu yangu. "Mimi gunia la tangawizi?" aliniuliza, kana kwamba ni mimi niliyelisema.

Kijana huyo mimi ni shangazi yake, baba yake alikuwa kaka yangu, na niseme wazi kwamba nilikuwa nimemkasirikia. Alikuwa hapokei simu za mama yake. Inaita mpaka inakata. Baadaye anatuma ujumbe: "Salama?" Ukimjibu salama, ndipo anapiga yeye. Ukoo mzima ulikuwa ukimsema kwamba mji umemtia kiburi, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila mchezo wetu wa Safari kikao hicho kingekuwa kama vikao vingine vyote.

Wifi yangu, kabla hajawa wifi, alikuwa rafiki yangu wa bweni. Tulisoma sekondari ya wasichana huko huko milimani, na tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, kijana mwembamba aliyeogopa siafu kuliko simba. Jumapili mvua ikitufungia ndani alitufundisha mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia: mmefika mtoni, daraja limechukuliwa na maji. Wengine, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na anasema mtu huyo anafanya nini. Likiwa jambo la bahati, unarusha dadu. Dadu zake zilikuwa za ajabu, nyingine ilikuwa na nyuso ishirini. Kwake mchezo ulijaa ngome za mawe na majoka yatemayo moto. Alipoondoka alituachia dadu, na sisi zile ngome tukazibomoa. Watu wetu wakawa mfua chuma, mkunga, mwenye kupeleka tangawizi sokoni, mchungaji aliyepotelewa na ng'ombe upande wa Mkomazi. Tukauita Safari.

Tuliubadilisha kwa jambo jingine kubwa zaidi, na hapo ndipo Upare wetu ulipojitokeza. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nacheka, lakini sibishi. Kwenye meza yetu, dadu ikisema nyati amekuua, ulikuwa na haki ya kukata rufaa. Unasimama, unaeleza: upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi, nyati alikuwa na ndama au hana, mti wa kukwea ulikuwa hatua ngapi. Meza nzima inakuwa baraza. Ukishinda, umepona. Na kumshawishi mtu kwa dadu ilikuwa mwiko kabisa. Unataka mlinzi wa lango akufungulie? Zungumza naye! Na aliyemcheza huyo mlinzi alikuwa anaapishwa: ajibu kwa ukweli wa mlinzi, si kwa ukaidi wake mwenyewe.

Basi tukamaliza shule, tukaolewa, na Safari ikaenda nasi. Rafiki yangu alipoolewa na kaka yangu, nyumba yao ya Mhezi ikawa ndiyo uwanja. Jumapili baada ya ibada sebule ilijaa, makande yanachemka jikoni, waume kwa wake wamebanana kwenye mabenchi. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na mtu wake, mwizi wa mizinga ya nyuki, na alimcheza vizuri mno mpaka wenye mizinga wakaanza kumtilia shaka. Walikuja watu kutoka kijiji cha Myamba kwa miguu. Nikikuambia ulikuwa mchezo wa watu wote, usifikiri naongeza chumvi.

Kisha ukafa. Watu husema luninga ndiyo iliyouua, na ni kweli, nyumba ya kwanza kupata luninga ilitunyang'anya nusu ya meza. Lakini sisi wenyewe tulishika upande mmoja wa jeneza. Watoto wetu walijaribu kukaa nasi, wakakuta nyati mmoja anajadiliwa Jumapili hii na ijayo na ile nyingine, ushahidi juu ya ushahidi, na hasira zikipanda Kiswahili kinawekwa kando, kinaingia Kipare. Mwana wa wifi yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. "Mama, huu si mchezo," alisema, "ni mahakama ya mwanzo." Akaenda kucheza mpira. Kizazi chake chote kikamfuata, kwanza kwenye mpira, kisha kwenye meza za pool, kisha kwenye simu. Wakauita mchezo wa wazee, nasi wakati huo hata mvi hatukuwa nazo. Tulikonda mpaka tukabaki watu wanne, na kaka yangu alipofariki hatukukaa tena.

Mimi nilishuka zamani kutoka mlimani. Nashona sare za shule hapa Same, na chumba kinachofuata kwenye kibaraza hicho hicho ni steshenari ya binti mmoja mchangamfu. Mwaka jana nikaanza kusikia kelele kwake kila Jumamosi mchana. "Rusha! Rusha bwana, unaogopa nini?" Nikajua ni kamari. Nikatoka na futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni, tayari kugombana, na kugombana najua. Nikakuta vijana wamezunguka meza, karatasi mbele ya kila mmoja, na katikati dadu yenye nyuso ishirini, ya plastiki ya bluu.

"Shikamoo mama," alisema binti wa steshenari. "Usituwazie vibaya, hili ni gemu jipya, tumelitoa mtandaoni. Ngoja nikueleweshe. Mmoja anasimulia, halafu wengine kila mtu..."

"Ana mtu wake," nikamalizia.

Akanikodolea macho.

"Marahaba," nikasema. "Endelea kunielewesha."

Kijana mmoja wa bodaboda alicheka mpaka akashika tumbo. Huyo amezaliwa kwenye mashamba ya mkonge, wazazi wake walikuja kutoka Iringa kufanya kazi ya kukata mkonge wakabaki, na ana mdomo kama Mpare wa kuzaliwa. Nilivuta kiti. Nilitazama karatasi zao: ngome, majoka, panga za mashujaa. Tulikuwa tumezibomoa zile ngome kwa jasho, mtandao ukazijenga upya! Lakini furaha niliyokuwa nayo siku hiyo ningewavumilia hata na majoka.

Kwa hiyo wifi alipokuja na magongo yake, nilimpeleka kibarazani Jumamosi ya kwanza tu. Nilidhani atafurahi. Aligombana kabla chai haijapoa. Mtu wake alifika kwenye lango la mji, akaanza kumweleza mlinzi kwa nini afungue, na binti wa steshenari, ambaye ndiye aliyekuwa msimulizi, akasema kwa heshima zote, "Bibi, hapo unarusha dadu ya ushawishi."

"Ya nini?"

"Ya ushawishi. Ukipata namba kubwa, mlinzi anakubali."

"Nimshawishi mtu kwa kijiwe cha plastiki? Mdomo niliopewa na Mungu nifanyie nini, nipulizie moto?" Akakata rufaa hapo hapo, kinyume cha sheria zote za mtandao. Mimi nikafumba macho. Nilikuwa nimeshawahi kuona kizazi kimoja kikiinuka mezani kwa ajili ya maneno hayo hayo, na sikutaka kuona cha pili.

Hawakuinuka, ng'o! Kijana wa bodaboda aliomba kumtetea mlinzi. Akamhoji wifi maswali ya kitaalamu kabisa, wifi akayajibu, binti akatoa hukumu, kijana akapinga hukumu, na Jumamosi iliyofuata walikuja na wenzao kutazama. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani watoto wetu walikulia kwenye nyumba ambazo mkubwa ndiye anayesema, na ile meza waliiona ni wazazi walewale wanaendelea kusema. Hawa wa sasa wanabishana na dunia nzima kwenye simu kutwa kucha, na hakuna anayewapa hukumu. Ukiwapa meza, zamu ya kusema, na bibi anayewasikiliza mpaka mwisho ndipo awapige chini, wanatulia. Tukakubaliana sheria moja: neno kwanza, dadu baadaye.

Mwisho wa mwezi ukakaribia. Jumamosi moja kabla mwanawe hajaja, wifi alikaa mezani, akaegesha magongo ukutani, akasema, "Leo sitaki joka. Leo mnanichezea kikao changu."

Binti akawa msimulizi. Kijana wa bodaboda akapewa kuwa mzee wa ukoo, mwenyekiti. Wifi akasema yeye atakuwa yeye. Akabaki mwanawe, na hakuna kijana aliyethubutu kumchukua.

"Mcheze wewe, wifi," aliniambia. "Ulimi unao."

Nikakubali upesi, na nilikuwa na mpango wangu. Ningemcheza huyo mpwa wangu kizembe, maneno mepesi mepesi, wifi amgaragaze, apate moyo wa kumgaragaza kweli wiki ijayo. Wifi alinijua. "Mcheze kwa ukweli," alisema. "Ukinipendelea leo, siku yenyewe atanila mzimamzima." Akanitaka niape, mbele ya watoto. Nikaapa.

Nikaanza. "Mama, ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Mimi sijawa nundu ya mtu."

Vijana wakapiga makofi. Nikaleta utelezi wa njia, akasema atapita njia ya juu. Nikaleta mapishi, akasema kilichovunjika ni nyonga, mikono anayo, na binti wa jirani anaingia na kutoka kwake kila siku. Nikaleta umbali wa hospitali. "Kuna bodaboda," alisema, na mwenyekiti akainamisha kichwa kupokea sifa. Alikuwa ananishinda kihalali kabisa, na nilifurahi. Kisha akataka kunimaliza.

"Na kwa nini hupokei simu zangu?" alisema. "Leo unanihurumia mbele ya watu, lakini simu yangu inaita mpaka inachoka. Jibu, mwanangu."

Jibu langu mimi lilikuwa tayari kwenye ulimi: kiburi. Lakini nilikuwa nimeapa, na jibu hilo halikuwa la kwake. Nikamtafuta yeye. Nikamwona amepiga magoti nyuma ya jokofu la watu, mikono ina mafuta, simu inaita, jina la mama linawaka kwenye kioo. Nikajiuliza jina hilo limewahi kumletea nini. Baba yake alipofariki, habari ilimfikia kwa namba ya mama yake. Mama yake alipovunjika, jirani alichukua simu ile ile akampigia.

"Naogopa," nikasema.

"Unaogopa nini?" wifi aliuliza.

"Namba yako ikiita, mama, sijui kama ni wewe au ni jirani ameshika simu yako. Baba alikufa kwa namba hiyo. Wewe ulianguka kwa namba hiyo. Ndiyo maana natuma ujumbe kwanza. Nataka nijue simu iko mkononi mwa nani kabla sijasikia sauti. Ukiwa karibu yangu, haitaita tena."

Nilikuwa nalia. Binti wa steshenari alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na yule mwenyekiti wetu alikuwa anatazama viatu vyake. Wifi akaomba magongo. "Tumemaliza," alisema, akaingia ndani.

Nilijichukia siku ile. Nilikuwa nimesema niko upande wake, na mdomo wangu mwenyewe ndio uliokuwa unampakia kwenye gari. Wakati wa kula nilimwambia, "Wifi, nilikuwa nacheza tu."

"Usinidanganye," alisema. "Hata mimi nilikuwepo." Akaendelea kula. Wiki nzima hakulitaja tena jambo hilo, wala hakusema tena kwamba anarudi Mhezi, na mimi nikaanza kuzoea kwamba atakwenda.

Mwanawe akaja. Gari aliliegesha nje, ndani ameshatandika godoro. Wazee wawili wa ukoo walishuka kutoka mlimani. Alitusalimia vizuri, akasimama katikati ya sebule yangu, mwanamume mzima mwenye kitambi kinachoanza, akakohoa.

"Mama," alisema, "wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye."

Nusura nicheke, Mungu anisamehe. Wifi akainua mkono.

"Mwanangu, hayo nimeshayajibu yote, tena nikashinda. Kaa. Wewe unaogopa simu."

Hakukaa. Alibaki ameshika kitasa cha kabati.

"Unaogopa namba yangu," wifi aliendelea. "Ikiita, hujui kama ni mimi au ni jirani. Unatuma ujumbe kwanza ili ujue nani ameishika."

Alinitazama mimi, nami nilikuwa sijawahi kuzungumza naye jambo hilo hata siku moja. "Nani amekuambia?" alimuuliza mama yake, na sauti ilikuwa ya yule mtoto niliyekuwa nikimbeba mgongoni.

"Wewe," alisema wifi. "Jumamosi iliyopita, kwa mdomo wa shangazi yako."

Ndipo akakaa. Akaweka uso kwenye viganja, akalia mbele ya wazee wake. Mzee mmoja akaanza, "Sasa mwanamume mzima..." nikamwambia, "Mzee, shikamoo, nyamaza." Akanyamaza.

Wifi alimsubiri mwanawe mpaka akajifuta. "Dar es Salaam siendi," alisema. "Nilifikiri wiki nzima kama nikuonee huruma niende. Lakini nikija nikakaa kwenye chumba chako, utakuwa unaogopa mlango badala ya simu. Kwa hiyo sikiliza. Kila alfajiri nitakupigia mimi, kwa mkono wangu huu, kabla hujanywa chai. Utapokea hapo hapo. Hakuna ujumbe wa salama. Siku usiponisikia, njoo na gari lako, na siku hiyo sitabisha."

"Na mtandao ukikata?" alisema. Mpare ni Mpare. "Kule Mhezi unakata kila mara."

"Nitapanda pale juu kwenye..."

"Hupandi popote na nyonga hiyo!"

Walibishana juu ya mtandao mpaka chakula kikapoa, wazee wakaingia, mimi nikaingia, na makelele yalikuwa matamu. Likakatwa shauri kwamba mama atakuwa na laini ya pili, ya mtandao unaoshika vizuri kule, na jirani hataruhusiwa kugusa ile ya kwanza hata nyumba ikiungua. Mwanawe atakwenda Mhezi kwanza kuweka vyuma vya kushikilia kuanzia mlangoni hadi chooni, na daktari akiridhika mama atapanda. Lile godoro tulilishusha garini jioni.

Kijana alilala kwenye kochi langu. Alfajiri, nje bado giza, niliamshwa na mlio wa simu sebuleni. Iliita. Ikaendelea kuita. Nilisikia kochi likilia chini yake, nikajua ameliona jina. Nami kitandani nikamwambia kimoyomoyo, pokea, mwanangu, pokea.

"Haloo?" alisema, kwa sauti ndogo.

"Nimeamka," alijibu mama yake kutoka chumba cha pili, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, lala."